Mzee, mimi na mistari miwili ya breki

Kwanza unavua viatu. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikwenda shule ya udereva wa mashindano na viatu vyangu vya kazini, vipana, vyenye soli nene ya kukanyagia oili iliyomwagika yadini, na mwalimu alivitazama mara moja tu akacheka. Ndani ya gari la Formula Ford, gari dogo la mashindano lenye kiti kimoja, pedali tatu zimebanana kiasi kwamba kiatu kipana kikikanyaga breki kinakanyaga na mafuta. Nikaazimwa vingine, vyembamba kama soksi. Kisha unapanda juu ya kiti kwa miguu yote miwili, unajishika kwenye kingo za gari, unateleza mbele gizani mpaka nyayo ziguse chuma. Mikanda inakuvuta mabega na kiuno mpaka pumzi inakuwa fupi. Makalio yako juu ya lami kwa sentimita chache. Injini iko nyuma ya mgongo, na mbele hakuna boneti ya kujifichia: unayaona magurudumu mawili yakiwa uchi, yakigeuka kila unapogusa usukani.

"Ukiogopa, ogopa mapema," mwalimu akaniambia, akaligonga gari ubavuni kama mtu anayemruhusu punda aondoke.

Kazi yangu ni kutazama magari ya watu wengine kwenye skrini. Nilianza nikiwa fundi wa kufunga vifaa vya GPS chini ya dashibodi, nikilala chali na tochi mdomoni. Sasa nimehamia upande wa pili: naletewa ripoti za malori na pikapu, nani amezidisha mwendo, nani amefunga breki kwa nguvu, nani ameacha injini ikinguruma dakika arobaini huku amesimama. Siku moja ya shule ya mashindano niliipata kama zawadi, nikaichukulia kama mchezo. Nilirudi na aibu ya kikazi, na aibu hiyo ndiyo inayoandika makala haya.

Tuanze na gari lenyewe, maana wengi wakisikia gari la kiti kimoja wanawaza Formula 1 moja kwa moja, mabilioni na mafundi ishirini wakibadilisha tairi kwa sekunde mbili. Ngazi ya kwanza haifanani na hayo. Formula Ford ilizaliwa Uingereza miaka ya 1960, na mama yake alikuwa ubahili. Shule za udereva wa mashindano zilikuwa zikitumia injini za mbio za kweli, ghali na dhaifu, na wanafunzi walikuwa wakiziua kila wiki. Mtu akawaza: kwa nini tusiweke injini ya kawaida ya Ford Cortina, ile ile inayompeleka karani ofisini? Ikawekwa. Haikufa. Mbio za kwanza za Formula Ford zilifanyika Brands Hatch tarehe 2 Julai 1967, na lengo la waanzilishi lilikuwa gari zima liuzwe kwa pauni 1,000. Fremu ya mabomba ya chuma, gia nne, injini ambayo baadaye ilitulia kwenye lita 1.6, na hakuna bawa hata moja, mbele wala nyuma.

Hilo la mabawa nitalirudia, kwa sababu ndilo linalofanya gari hili liwe mwalimu mkali. Kabla ya hapo niseme tu kwamba ubahili ule ulizaa mavuno. Emerson Fittipaldi alitoka Brazili akaja Uingereza mwaka 1969 kuendesha Formula Ford. Mwaka 1972 alikuwa bingwa wa dunia. Jody Scheckter wa Afrika Kusini alipita njia hiyo hiyo, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979. Ayrton Senna alifika mwaka 1981, akapewa gari la Van Diemen, akashinda. Jenson Button alishinda tamasha kubwa la Formula Ford mwaka 1998. Marekani nao walikuwa na ubahili wao, Formula Vee, uliojengwa kwa injini, gia na ekseli za Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe. Siku hizi ngazi rasmi ya kwanza baada ya gokati, vile vigari vidogo vya mbio, ni Formula 4, ambayo FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, liliianzisha mwaka 2014 kwa kuanzia Italia: bodi ya nyuzi za kaboni, injini ya nguvu farasi kati ya 160 na 180 hivi, gia za kubofya kwa vidole nyuma ya usukani, na mtoto wa miaka 15 anaruhusiwa kushindana hata kama barabarani hajafikia umri wa kupewa leseni. Magari ya F1 Academy, mashindano ya wanawake yaliyoanza mwaka 2023, nayo ni ya aina hiyo ya Formula 4.

Sasa mabawa. Gari lenye mabawa hukandamizwa chini na upepo, na mkandamizo huo hukua kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, mkandamizo unakuwa mara nne. Kwa hiyo dereva wa Formula 4 hukanyaga breki kwa nguvu zote mwanzoni, gari likiwa kwenye mwendo mkubwa na tairi zimebanwa kwenye lami, halafu analegeza mguu kidogo kidogo kadiri mwendo unavyoshuka na mkandamizo unavyokimbia. Formula Ford haina msaada huo. Mshiko ulio nao ni wa tairi nne peke yake, na ni nyembamba. Ukifika kwenye kona ukiwa na kilomita 10 za ziada, hakuna upepo wa kukushika mkono.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara: ni ule ule, unaamua mwenyewe kuutumia wapi. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna uliobaki wa kukata kona. Ukiutumia wote kwenye kona, ukigusa breki gari linakugeukia. Anayejua kuendesha huhamisha matumizi polepole kutoka breki kwenda kwenye usukani: anaachia breki kwa kiwango kile kile anachoongeza usukani, mpaka katikati ya kona mguu umeinuka kabisa na gari linaning'inia kwenye tairi za pembeni. Baada ya hapo anaanza kulipa upande wa mafuta. Maneno haya yote nilikuwa nayajua kabla sijaingia kwenye gari. Kuyajua hakukunisaidia chochote.

Nilikimbia mizunguko minane, nikatoka jasho likinitiririka hadi kwenye vile viatu vya kuazima. Nilikuwa na uhakika nimefanya vizuri. Mwalimu akachukua kompyuta.

Gari lilikuwa na kifaa cha kurekodi, kisanduku kidogo chenye antena ya GPS, sensa ya kupima msukumo wa gari mbele, nyuma na pembeni, na nyaya zinazokwenda kwenye usukani, kwenye mafuta na kwenye mfumo wa breki. Nilikitambua mara moja. Ni ndugu wa vifaa ninavyofunga mimi. Nilijisikia kama fundi redio aliyealikwa studio.

Kwa hiyo acha nieleze kidogo ndugu hawa wanafanyaje kazi, kwa sababu madereva wengi ninaokutana nao wanaamini setilaiti inawatazama. Kuna mmoja alikuwa akifunika dashibodi kwa gazeti. Setilaiti za GPS hazijui kama upo. Ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, kila moja inaizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, na kazi yao ni kutangaza saa: mimi ni fulani, niko mahali fulani, sasa hivi ni saa fulani. Basi. Kisanduku kilicho chini ya dashibodi ndicho kinachosikiliza. Kinapima kila tangazo limechukua muda gani kufika, kisha kinapiga hesabu ya mahali kilipo. Kinahitaji setilaiti nne kwa uchache. Tatu zingetosha kwa mahali, lakini saa ya kisanduku ni ya bei rahisi, kwa hiyo ya nne inatumika kuisahihisha. Saa za kule juu zenyewe zingeachwa hivi hivi zingekwenda mbele ya zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kwa sababu zile zile alizozieleza Einstein, na kosa hilo dogo lingehamisha gari lako kwenye ramani kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja. Zinapangwa ziende taratibu zaidi kabla hazijarushwa.

Kwa raia, utamu wa GPS ulikuja Mei 2000. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wakiichafua makusudi ishara ya raia, kosa likifika hata mita 100. Rais Clinton alipoamuru uchafuzi huo uzimwe, usiku mmoja tu gari lilihama kutoka "mahali fulani mtaani" hadi "barabara hii". Siku hizi vifaa vinasikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na kosa limebaki mita chache pale anga inapoonekana vizuri. Kati ya majengo marefu mawimbi hugonga kuta na kufika yamechelewa, na hapo gari lako huonekana limepita juu ya paa la benki.

Nani basi anayekuchongea kwa bosi? Laini ya simu. Ndani ya kisanduku kuna modemu na laini kama ya simu yako, ndiyo inayotuma mahali na mwendo kwenye seva. Pasipo na mtandao kinahifadhi, kikiupata kinamwaga yote. Zamani haikuwa hivyo: Qualcomm ya Marekani ilipoanza biashara yake ya OmniTRACS mwaka 1988, lori lilibeba kuba la antena juu ya paa na lilizungumza na setilaiti yenyewe, kwenda na kurudi. Kufunika dashibodi kwa gazeti hakungesaidia wakati huo wala sasa. Anayechomoa fyuzi naye anajichomea mwenyewe, kwa kuwa kisanduku kina betri yake ndogo na jambo la kwanza kinaloripoti ni kwamba umeme umekatwa.

Jambo moja zuri ambalo wauzaji hawalisemi: kifaa kizuri hakipimi mwendo kwa kutoa nukta moja kwenye nyingine. Kinasikiliza jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyobanwa na kuvutwa gari likisogea, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti likikupita. Ndiyo maana mwendo wa GPS mara nyingi ni wa kuaminika kuliko mahali pake, na ndiyo maana mshale wa dashibodi, ambao watengenezaji huuelekeza juu kidogo kwa usalama wao, hugombana nao. Dereva anaapa alikuwa kwenye 84, kifaa kinasema 80. Kifaa ndicho kinachomtetea, na hataki.

Ndugu hawa wawili wanatofautiana kwenye uvivu. Lori langu likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Nikiweka kifaa kitume nukta kila sekunde 30, kati ya nukta na nukta kuna mita 667 ambazo sizijui kabisa, ila kama kifaa kimewekewa kutuma pia kila gari linapogeuka. Kwenye ramani za zamani utaona malori yakikata kona kupitia shambani. Yule wa mashindano huandika mara 10 hata 25 kwa sekunde. Kwenye kilomita 160 kwa saa, mara 25 kwa sekunde ni nukta moja karibu kila mita 1.8. Mvivu ananiambia lori liko wapi. Yule mwingine aliniambia mimi ni nani.

Mwalimu alifungua mizunguko miwili, mmoja wake na mmoja wangu, akailaza mmoja juu ya mwingine. Jambo la kwanza lililonishangaza: hakuilaza kwa muda, aliilaza kwa umbali. Chini ya grafu hapakuwa na sekunde, palikuwa na mita kutoka mstari wa kuanzia. Ukilaza kwa muda, baada ya kona moja mistari inaachana na hujui tena unalinganisha nini na nini. Ukilaza kwa umbali, kona ya nne ya mwalimu inakaa juu ya kona ya nne yangu, na unaona kila mtu alifanya nini pale pale. Miaka yote ya kusoma ripoti za malori, sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

"Tazama kona ya nne," akasema.

Nikatazama, na nikafurahi. Mstari wangu wa breki ulianza baada ya wake, mita kama sita mbele zaidi. Nilikuwa nimechelewa kufunga breki kuliko mwalimu! Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nimeona," akasema. "Kila mtu anayekuja hapa anaanza na hiyo. Usitazame ulipokanyaga. Tazama ulipoachia."

Wake ulipanda ghafla kama ukuta, kisha ukashuka kwa mteremko laini hadi sifuri, kama mgongo wa ng'ombe. Wangu ulipanda, ukashuka nusu, ukakaa hapo kama rafu ya kabati, ukapanda tena kidogo, halafu ukaanguka. Mstari wa mwendo ulionyesha katikati ya kona nilikuwa kilomita 9 chini yake. Mstari wa mafuta ulionyesha nimegusa, nimeachia, nimegusa tena. Kwa kuwa kona ya nne inafungua njia ndefu iliyonyooka, hasara ile sikuiacha pale. Niliibeba mpaka mwisho wa ile njia, nikiwa nyuma yake kila mita. Mita zangu sita za ushujaa zilinigharimu zaidi ya nusu sekunde. Katika Formula Ford, ambapo magari hufuatana pua kwa mkia yakijificha kwenye upepo wa aliye mbele, nusu sekunde ni kundi zima limekupita.

Hakuna alama aliyonipa. Hakuniambia nimepata 71 au 85 kwa 100. Aliniwekea mistari miwili, akaondoka kwenda kunywa maji, akaniacha nayo peke yangu.

Ni wiki mbili baada ya hapo ndipo jina la Mzee lilipotokea kwenye ripoti yangu.

Ni dereva wa lori, tunamwita Mzee tu, mtu aliyeendesha zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na matukio matatu ya breki kali ndani ya wiki moja, na alama yake ilikuwa imeshuka hadi 71. Chini ya 75 posho ya usalama inakatwa. Juu ya orodha ile ile kulikuwa na kijana mmoja mwenye 96, bila tukio hata moja. Mfumo wetu unahesabu breki kuwa kali ikizidi 0.4 g, yaani asilimia 40 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kwa kulinganisha, Formula Ford bila mabawa hufunga breki kwa zaidi kidogo ya 1 g, na hakuna anayeiita kosa. Lori lenye mzigo ni mnyama mwingine, najua. Ila 0.4 g kutoka kilomita 80 hadi kusimama inahitaji mita 63 hivi, 0.2 g inahitaji 126. Mfumo unachouliza kwa hakika ni hiki: ulikuwa umejiachia mita ngapi? Lakini haukuulizi hivyo. Unakuandikia "breki kali" na kukata pointi.

Siku zote ningetuma ile barua ya onyo. Safari hii nikachota data ghafi, ile ambayo kifaa huhifadhi kila sekunde kabla na baada ya tukio, nikailaza kwa umbali.

Tukio la kwanza lilikuwa kichekesho. Sensa ya msukumo ilirukia juu, lakini mwendo haukushuka hata kilomita moja. Lori lilikuwa kwenye 34 na likaendelea kwenye 34. Gari haliwezi kufunga breki kali bila kupunguza mwendo. Nikaenda yadini, nikalala chali kama zamani, nikakuta kisanduku kimefungwa kwa tai ya plastiki juu ya bomba la hewa, kikicheza. Kila lori lilipoingia kwenye shimo, kisanduku kiliruka na kuripoti ajali ndogo. Nikatafuta fomu ya ufungaji nijue fundi gani mzembe alifanya hivyo. Saini ilikuwa yangu.

Matukio mawili mengine yalikuwa ya kweli, na yote mawili mahali pamoja: mteremko, kona ya kulia, halafu njia panda. Lakini mwendo wa Mzee ulikuwa umeanza kushuka sekunde tisa kabla ya breki yenyewe. Alikuwa ameshaondoa mguu kwenye mafuta na injini ikimshikilia, kabla hata hajaiona njia panda vizuri, kisha kitu kikamchomokea. Kama angefika pale kwa mwendo wa kawaida wa pale, nisingekuwa nasoma tukio. Ningekuwa nasoma ripoti ya ajali.

Nikafungua na ya kijana wa 96, njia ile ile. Mstari wake ulikuwa meno ya msumeno. Mafuta, breki, mafuta, breki, na kila breki ikigonga 0.35, 0.37, 0.38. Mara 41 kwa safari moja alikaribia kizingiti bila kukivuka. Mzee, ukiacha yale mawili, mara 6. Kijana alikuwa ameujifunza mlio. Kifaa hulia ndani ya kabini kikivuka 0.4, naye alikuwa amejifundisha kukanyaga hadi kabla ya mlio. Alikuwa anaendesha kwa sikio, akimfuata aliye mbele kwa karibu siku nzima, na sisi tulikuwa tunampa zawadi kwa hilo.

Simlaumu sana. Mpe mtu namba, ataitumikia namba. Kwenye mashindano namba ni muda wa mzunguko, na muda haudanganyiki kwa sababu ndani yake kuna kila kitu: breki, kona, mafuta, macho. Namba yetu ya magari ya kazi imetengenezwa na mtu aliyekaa ofisini akachagua vizingiti vinne. Nimekuwa mtu huyo.

Nilipeleka hoja kwa wakubwa na nilikubaliwa jambo moja kati ya manne niliyoomba, nalo nililithamini kuliko yale mengine: tukio lolote linakwenda kwanza kwa dereva mwenyewe, likiwa na mstari wake wa mwendo, na linakaa kwake siku moja kabla halijafika kwa msimamizi. Katika siku hiyo anaweza kuandika sentensi mbili za maelezo. Lile la kuzima injini kwa mbali, ambalo niliomba lifungwe kabisa kwa magari yanayotembea, bado tunabishana. Nitabishana mpaka nistaafu. Lori linalozimwa kwenye mteremko linabaki na usukani mzito na hewa ya breki ambayo hakuna tena kitu cha kuijaza.

Posho ya Mzee ilirudi. Nikamfuata yadini na kompyuta nimwonyeshe kwa macho yake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefukuzwa?"

Nikamweleza habari ya tai ya plastiki, nikamwomba radhi, akanisamehe haraka mno, kama mtu aliyezoea. Nikamwonyesha zile sekunde tisa. Alizitazama muda mrefu. Nikamuuliza ni nini kilimfanya aondoe mguu mapema vile.

"Kwenye ile kona ukuta una rangi nyeupe," akasema. "Gari likiwa linatoka njia panda, kivuli chake kinapita ukutani kabla yake. Asubuhi tu lakini. Jioni hakipiti, jioni naenda taratibu zaidi."

Hakuna sensa ninayoijua inayopima hilo. Nikakaa kimya, kisha sijui kwa nini, labda kwa kutaka na mimi nionekane dereva, nikamfungulia mizunguko yangu ya Formula Ford. Nikamwonyesha mstari wa mwalimu na mstari wangu bila kumwambia upi ni wa nani. Nikamweleza tu kwamba huu ni mguu wa breki, na huku chini ni mita.

Akavaa miwani. Akapita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiguna. Kwenye ya nne akaweka kidole juu ya rafu ya kabati.

"Huyu ni wewe."

"Umejuaje?"

"Huyu mwingine ameogopa hapa, mwanzo, akamaliza," akasema, akipitisha kidole kwenye ule mgongo wa ng'ombe. "Wewe umeingia kishujaa, ukaja kuogopa katikati. Umechelewa kuogopa."

Sikuwa nimemwambia neno lolote alilosema mwalimu.

Akaendelea kutazama. Akauliza gari lenyewe lina uzito gani, nikamwambia halifiki hata kilo 500, akatikisa kichwa kama aliyeambiwa uongo. Akauliza kama lina breki ya hewa. Kisha akavua miwani, akatazama buti zake, kubwa kuliko zangu, zenye vumbi la safari.

"Na mtu wa mwili kama huu," akauliza, "anaingia?"